Kurasa Zilizofungiwa Kahawa

Shikamoo Mwalimu Devota,

Tangu uhamishiwe kisiwa cha Goziba sijakuandikia, nami ndiye niliyekuwa napenda kuandika kuliko kusema. Nisamehe.

Unakumbuka kile kitabu cha msichana na mbuzi aliyepotea? Darasa la sita zima tulikuwa nacho kimoja tu, ukitusomea kila Ijumaa. Mimi sikuweza kusubiri. Nilichana kurasa tatu za mwisho, nikazificha ndani ya sweta. Nyumbani nilizisoma nusu, nikaitwa kumenya ndizi. Niliporudi, bibi alikuwa amezifungia akamwani, zile kahawa za kutafuna, akampa mgeni wake wa Maruku.

"Waitu, jamani, si zilikuwa karatasi tu?" alisema.

Ijumaa ulipofungua kitabu ukakuta kurasa hazipo, darasa lilipiga kelele: "Achapwe! Achapwe!" Ukauliza, "Fimbo itaturudishia kurasa?" Josefu akajibu kutoka nyuma, "Hapana, Mwalimu, lakini itamrudishia mtu adabu!" Hata wewe ulicheka. Kisha ukasema kwa upole, "Aliyezichukua ndiye peke yake anayejua hadithi inaishaje. Tunamwomba atusaidie."

Ungeuliza mwizi ni nani, nisingesimama. Ila uliomba msaada, nikasimama. Nilipoeleza habari za bibi, Josefu akapiga meza: "Hadithi imetafunwa Maruku!"

Hukunipiga. Uliniambia niziandike upya kwa mkono wangu. Ijumaa iliyofuata nikasoma mbele ya darasa, Josefu akilalamika, "Ongeza sauti bwana, mbuzi kapatikana au hajapatikana?" Ulizibandika karatasi zangu kitabuni kwa gundi, ukaninong'oneza, "Asante kwa kusema kweli."

Mwalimu, neno hilo limenisumbua miaka mitatu. Nilisoma mpaka pale msichana anapofika mtoni. Yaliyofuata, mbuzi kukutwa amelala kwenye migomba ya jirani aliyegombana na familia ya msichana, na jirani huyo kumpa msichana maji, niliyatunga. Niliogopa kusema kwamba sijui, kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza kuombwa kitu mbele ya watu.

Juzi mdogo wangu, ambaye sasa yuko darasa la sita palepale, alirudi nyumbani akinisimulia habari za jirani yule na maji yake. "Dada, mwisho wake mzuri!" Nilishindwa kula.

Kwa hiyo jana nilikwenda shuleni, nikaomba kitabu, nikaandika chini ya ukurasa: "Mwisho huu umetungwa na mwanafunzi. Mwisho wenyewe ulipotea kwa kosa lake." Nikaweka jina langu lote.

Sasa mimi ni kiranja. Kidato cha kwanza wakivunja ndoo, huwauliza nani atanisaidia kuitengeneza. Karibu kila mara mmoja husimama. Hapo nakukumbuka, nashukuru.

Pamoja na barua hii pokea akamwani kutoka kwa bibi. Nimezifunga mwenyewe, na karatasi nimeigeuza pande zote mbili kwanza. Haina hadithi ya mtu.

Mwanafunzi wako wa dawati la dirishani,
Anitha