Neno la Mjomba Juu ya Neema na Suruali za Polisi

Greyville, Durban
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Anjelina, mama Neema,

Shikamoo dada, na shikamoo hiyo umgawie shemeji, maana najua ndiye atakayekusomea barua hii wakati wewe unachambua maharage. Hamjambo hapo Kasulu? Lile goti lako limetulia, au bado linakutabiria mvua? Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Mafua ya hapa yalinijaribu mwezi uliopita, yakaona hayaniwezi, yakahamia kwa Papa Fiston.

Papa Fiston ndiye yule Mkongo tunayegawana naye chumba cha duka. Yeye anauza simu upande wa dirisha, mimi na cherehani yangu tuko ukutani. Ile sauti uliyonitumia niliirudia mpaka akauliza, "Fundi, dada yako iko analia ao iko anaimba?" Nikamwambia dada yangu hata akilia, analia kwa mpangilio.

Nimekuelewa. Neema amechaguliwa chuo cha polisi, anatakiwa aripoti mwisho wa mwezi. Wewe hutaki. Baba yake kila akiulizwa anakohoa. Mkaona neno la mjomba ndilo litakalokata shauri. Ukaniuliza, "Wewe unayeshinda na polisi huko, hiyo kazi ni ya namna gani? Mwaka mzima wanafanya nini?" Jambo kama hilo halijibiwi kwa sauti ya simu huku watu wanapiga honi. Nimeandika, na kuna ndugu mmoja anayerudi Kasulu, atakukabidhi mkononi.

Dada, umemuuliza mwenye kazi yake. Serikali ya huku hushona suruali za askari kwa kipimo cha mtu ambaye hajazaliwa, kiuno cha nyati na mguu wa twiga. Basi wote huja kwangu. Yupo mmoja mrefu, kumpima bega nilipanda juu ya kiti, na kiti nikakiweka juu ya meza. Bila sindano yangu mji huu ungelindwa na watu walioshika suruali kwa mkono mmoja.

Lakini swali lako lilinikaa kama mwiba wa samaki. Mwaka mzima wanafanya nini? Nimewashonea miaka yote hii na sijawahi kujiuliza. Nikaanza kuchunguza. Askari akileta suruali, naigeuza kwanza, naitazama ilipochakaa. Kumbe, dada, nguo inasema! Anayetembea, suruali yake inaisha kwenye pindo na katikati ya mapaja. Wa gari inamwishia kiunoni, mkanda wa bastola unaposugua kiti. Wa mbwa huna haja ya kumwuliza, nywele zinatosha. Na wa ofisini, makalio ya suruali yake yanang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu.

Na mwaka nao unaonekana pale pale mezani. Januari huja wapya, kila mmoja anataka apunguziwe. Pasaka huja wa barabara kuu, suruali zina vumbi na mafuta. Katikati ya mwaka, wakati wa zile mbio kubwa za farasi hapa jirani, wote wanataka mistari ya pasi inayokata kidole, maana matajiri wa Morningside watashuka. Mvua kubwa ikipiga, naletewa suruali zina tope mpaka mapajani, hapo najua wametoa watu mtoni. Desemba hakuna likizo kwa yeyote. Mji mzima uko baharini, watoto wanapotea kama vifungo, na askari wanaleta nguo zina chumvi na mchanga mifukoni. Mchanga ninaoukung'uta Desemba ungetosha kujengea kanisa.

Basi nikajiona nimeshaijua kazi ya polisi yote. Hapo ndipo ilipotokea habari ya mkutano.

Mara moja kwa mwaka mkubwa wa kituo chetu huwaita wenyeji kwenye ukumbi wa kanisa, awaeleze kazi ya mwaka ilivyokwenda, wana watu wangapi, nani kastaafu na nani kaingia. Soda ipo. Mwaka huu alisema waliotoka ni wengi kuliko walioingia, kwa hiyo kile kibanda cha polisi kwenye kona yetu kitafungwa, na Sajini Zodwa atahamia chumba cha redio.

Dada, ukumbi ulinuna. Sajini Zodwa ni mama wa rika langu, ametembea mtaa wetu miaka na miaka. Wezi walipobeba boksi la simu la Papa Fiston, hakukimbia. Alitembea taratibu mpaka kwa bibi yake mwizi, akakaa, akanywa chai, na boksi likarudi kabla kikombe hakijaisha. Akina mama wa saluni wakaanza kulia. Papa Fiston akanisukuma mbavuni. "Fundi, sema! Wewe si iko unawajua?"

Nikasimama. Unanijua nikisimama.

"Mkubwa," nikasema, "mimi ndiye ninayeshona suruali zenu. Suruali ya anayetembea inaisha kwenye pindo. Ya anayekaa inaisha nyuma. Na mwaka huu viraka nilivyotia vya nyuma vimezidi vya pindo. Watu unao, baba. Wamekaa tu!"

Weeh! Ukumbi ulipasuka. Askari waliokuwa wamesimama wakarudi nyuma mmoja mmoja mpaka migongo ikagusa ukuta. Waliokuwa wamekaa wakang'ang'ania viti. Mkubwa wao ni mtu wa utani, mnene, akanitazama akasema, "Eish, fundi! Basi nitajie majina. Nani na nani?"

Nzi aliyekuwa anaruka alitua asikilize. Nami nikamjibu, "Mkubwa, kipimo cha mteja ni kama ungamo kwa padri. Fundi anayetaja kiuno cha mtu, achome cherehani yake."

Makofi! Watu wakaanza kuimba, "Zodwa! Zodwa!" Walikaribia kunibeba. Mkubwa akainua mikono, akatangaza mbele ya wote kwamba kibanda hakifungwi na Sajini Zodwa habanduki. Halafu akatoka ukumbini kiubavu-ubavu kama kaa, asitupe mgongo. Nilipomtafuta Sajini Zodwa kwa macho, nikamwona amekaa mwisho kabisa, hapigi makofi. Nikasema moyoni, masikini, furaha imemzidi.

Kesho yake asubuhi akaingia dukani. Suruali aliyokuwa ameishika akaitupa juu ya cherehani.

"Malume," akasema. Ndivyo anavyoniita, kwao ni mjomba. "Nani alikutuma?"

"Nilikutetea, Sajini."

"Ulinitetea! Redio niliiomba mwenyewe. Nimeandika maombi, nimengoja, nimeandika tena. Goti langu la kulia limekufa, Malume. Natembea nalo kama mzigo wa mtu mwingine. Ndiyo wamenikubalia, na wewe umesimama na mdomo wako umenirudisha barabarani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia! Suruali hii nilipoileta, nilisema niongezee kiuno, nakwenda kukaa. Ulifanya nini?"

Papa Fiston, bila kuulizwa, kutoka dirishani, "Alicheka, Sajini. Mi nilisikia. Alisema wewe kukaa ni sawa na samaki kupanda baiskeli."

"Wewe uza simu," nikamwambia.

Sajini Zodwa akaziona pini nilizokuwa nimebana kwenye kola. Unajua sisi mafundi tukiwa kazini tunazishika kwa midomo. Akasema, "Siku nyingine ukija mkutanoni, tia hizo mdomoni. Sasa toka. Mahali mdomo ulipoharibu, ndipo ukatengeneze."

Nikaenda. Sikuogopa, dada, nilitetemeka tu kwa sababu ofisi zao zina baridi. Mkubwa akaniketisha. Nikadhani atanifokea, kumbe na yeye ana hamu ya kusikilizwa. Akachukua vifuniko vya chupa za soda zilizobaki mkutanoni, akavipanga mezani. "Fundi, huyu ni askari mmoja unayemwona kwenye kona. Sawa? Huyu ni wa kumpokea jioni. Huyu yuko likizo, naye ana watoto. Huyu ameitwa mahakamani kutoa ushahidi, atashinda huko, na kesi itaahirishwa. Huyu anaumwa. Huyu yuko kozi." Vifuniko vikaisha, kwenye kona bado yuko mmoja. "Na wale wako wa makalio yanayong'aa, mmoja anapokea redio. Zodwa akikabwa kule chini, akiita, nani atamsikia kama wote tunatembea?"

Nilikuwa sijawahi kuliona hivyo. Nilikwenda kuomba radhi, nikabaki namwuliza maswali mpaka akaniletea chai. Analinda nani vitu vilivyokamatwa? Nani huenda kuwaambia wazazi mtoto akifa barabarani? Wanachagua mtu, au wanapiga kura? Akasema hilo huwa wanamtuma Zodwa.

Mwisho akashusha pumzi. "Kibanda siwezi tena kukifunga, umenitangazisha mbele ya watu. Na goti la Zodwa siwezi kuliamuru lipone. Wapya wakija nitakupa mmoja hapo kwenye kona. Zodwa atamfundisha mtaa mpaka Pasaka, halafu akakae. Sharp?"

"Sharp," nikasema, maana ndiyo "sawa" ya huku. Nikarudi na kumwongezea Sajini kiuno, nikamtilia na kitambaa laini ndani ya goti. Aliivaa, akachuchumaa, akainuka. Hakusema asante. Alisema, "Sasa unashona."

Huyo mpya amekuja wiki hii. Anaitwa Lindiwe. Dada, nilipofungua mlango nilishtuka, maana nilimwona Neema. Yaani Neema nilivyomkisia, mimi nilimwacha anatambaa. Mwembamba, suruali imemfunika viatu, anaishika kwa mikono miwili kama anavuka maji. Sajini Zodwa kasimama nyuma yake, kanionyesha midomo yake kwa kidole. Nikatia pini zote. Nikapiga goti, nikaanza kumpimia pindo.

Na mtu akinyamaza, mwenzake huzungumza. Msichana akamwambia Sajini juu ya kichwa changu kwamba mama yake hasemi naye. "Mama anadhani nimefuata bunduki. Anasema nitasimama juani mpaka nizeeke, nitapelekwa mbali. Sawa, huenda. Lakini hajaniuliza nimefuata nini."

"Umefuata nini?" Sajini akauliza.

"Nilikuwa mdogo nikapotea baharini, Desemba. Askari mmoja, mwanamke, akanishika mkono. Alikuwa na kazi nyingi, watu wanamwita huku na huku, lakini mkono hakuuachia. Na chipsi alininunulia. Jioni ndiyo mama akapatikana. Mama anakumbuka alivyolia. Mimi nakumbuka ule mkono."

Dada, nilikuwa na mambo ya kusema! Nilitaka kumwambia huyu mjomba aliyepiga goti hapa ni nani, na mchanga wa Desemba, na vifuniko vya soda. Lakini pini zimejaa mdomoni, ningezimeza. Nikabaki kusikiliza hivyo hivyo, na pindo lile limetoka sawa kuliko yote niliyowahi kupiga.

Sasa neno la mjomba. Mwaka mzima wa polisi nimekueleza, na hakuna atakayekueleza vizuri zaidi. Juani watasimama, kweli. Mbali watapelekwa, kweli. Watatumwa kubisha mlango wa mtu na habari mbaya. Magoti yatakwisha. Lakini katika sauti yako yote ile, nimesikia unavyosema wewe, nimesikia shemeji anavyokohoa. Neema sikumsikia hata mara moja.

Kwa hiyo fanya hivi. Kaa naye jikoni mkiwa wawili. Chukua pini, tia mdomoni, usicheke, fanya kama unashona kitu. Muulize amefuata nini, unyamaze mpaka amalize, na akimaliza unyamaze tena kidogo, maana cha maana huja nyuma. Akisema anataka kwenda, mwambie shemeji kwamba mjomba amesema aende. Akisema hataki, mwambie mjomba amekataa katakata. Ukoo ukilalamika, lawama nibebesheni mimi huku. Mabega yangu mapana, nimeyapima mwenyewe.

Akienda, mwambie suruali yao wasimkatie kitambaa cha chini kinachozidi. Kikunjwe ndani, apate cha kushushia akirefuka.

Nisalimie mama mkubwa, mwambie ile kanga yake bado ni pazia langu la dirisha. Nisalimie kaka Yosia na wanawe, na yule mkwe wetu fundi baiskeli. Shemeji ameze asali, hicho kikohozi kimezidi. Na goti lako, dada, usilifanye mzigo wa mtu mwingine. Ukiona haja ya kukaa, kaa.

Mimi mdogo wako,

Filipo,
Fundi Mkuu wa Polisi wa Mji Wote wa Durban

(Papa Fiston amechungulia begani kwangu, anasema niandike nusu ya mji. Haya. Nusu. Lakini ile nusu inayotembea.)