Kasha la Bibi Silibebi Tena

Kahe, nyumba za reli

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai Zuhura anapokusomea haya umekaa uani na magoti hayakusumbui, na ile dawa ya kuchua niliyokupelekea imekufaa. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila joto na mbu. Mkweo Bakari mzima, anakusalimu. Kila kukicha yuko njiani na wenzake wakikagua reli. Mimi mimba yangu imeingia mwezi wa saba na mtoto anacheza vizuri, hasa nikilalia ubavu.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma, nikaiweka, nikapika, nikaisoma tena, na hasira haikupungua. Basi nimeona nikujibu nikiwa nayo hivyo hivyo. Nilikuandikia kwamba nakuja nyumbani kujifungua, kama wewe ulivyokwenda kwa bibi kunizaa mimi. Nilidhani utaniuliza nakula nini, miguu imevimba au haikuvimba. Wewe unaniuliza habari za kasha! Ati nisithubutu kuja bila kasha la bibi, na siniya ya shaba, na mito ya sufi, kwa sababu mwanamke akimwachia mwanamume nyumba yenye vyombo atakuja mwingine avikalie. Mama, nakupenda, lakini hapa umenichosha.

Kwani umesahau mwaka jana? Nilipokuja harusini kwa kaka Salimu nilikuja na kasha hilo hilo, kwa kuwa ndivyo ulivyonilea, kwamba binti wa nyumba njema hasafiri kama mtoro. Mkokoteni ulipoingia Ngamiani, kasha chini, mito juu, na mimi nyuma nikitembea, mtaa mzima ulitoka milangoni. Sijavua hata viatu, Bi Mwanate jirani yetu keshaingia, kanikumbatia analia.

"Pole mwanangu, pole. Kakupa moja au zote tatu?"

"Tatu za nini, Bi Mwanate?"

"Talaka, mwanangu. Usione haya, hata mie nimeachwa na sikufa."

Nikamwambia nimekuja harusini. Akakutazama wewe, akalitazama kasha, akasema polepole, "Harusini? Na mito?"

Na kweli, nani anakwenda harusini na mito yake? Kabla ya alasiri habari zilikuwa zimefika Pongwe. Mama mkwe akaja mbio, kanga ya kichwani imeshukia mabegani, anauliza mwanawe amekosa nini hata nimwaibishe hivi. Na Bakari naye akazipata huku kwa watu wa gari moshi, kwamba mkewe amehamisha vyombo. Niliporudi nilimkuta amenuna, chakula anakula, maneno hana, na tulikaa hivyo mpaka mfungo ukaingia. Wewe mama ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mimi sikucheka.

Wewe kasha unalijua likiwa limetulia chumbani, limefutwa vumbi, njumu zake za shaba zinang'aa. Mimi nalijua likisafiri. Kazi ya Bakari haina makazi. Leo Korogwe, kesho wanamwambia Mombo, ukishazoea kisima cha Mombo unaambiwa Same. Na kila tukihama, mwanao huyu ndiye wa kufunga na kufungua: kasha, kinu na mchi wake, birika, makawa ya kufunikia chakula, sahani za kauri ambazo nusu yazo zilikwisha kuwa vigae kabla sijamwandalia mgeni hata mmoja. Na mbuzi ya kukunia nazi! Mama, Same hakuna mnazi. Nimeibeba ile mbuzi kituo hadi kituo, haijaona nazi, kazi yake ni kunichana vidole ninapofungua mzigo.

Zuhura, mdogo wangu, hapa funga mlango wa uani Bi Mwanate asisikie, kisha soma taratibu wala usiruke neno.

Mama, unajua mimba yangu ya kwanza iliharibika tulipohamia Same. Uliniambia ni kudra ya Mungu, nami nasema hivyo hivyo. Lakini sikukueleza siku ile ilivyokuwa. Bakari alikuwa ametangulia kazini, nami nikamfuata na vyombo. Gari moshi pale halikai. Abiria wenzangu walinisaidia kushusha kinu na mito, filimbi ikalia, na kasha bado liko mlangoni. Nikakusikia wewe kabisa masikioni mwangu: usiache kasha la bibi yako. Nikalikumbatia nikalivuta peke yangu. Likashuka, nami nikashuka nalo, nikakaa juu ya kokoto na maumivu yamekwisha kunishika. Siwezi kuapa kwamba ni kasha lililonitoa mtoto wangu. Wala siwezi kuapa kwamba silo, na hilo ndilo linaloniuma kila ninapolifuta vumbi. Sikukuandikia kwa sababu kasha ulinipa wewe kwa mikono yako, na sikutaka ulie. Sasa umenilazimisha.

Aliyeniuguza ni jirani, Mpare mmoja, mama Elia, mtu wa kanisani ambaye hata jina langu alikuwa hajalishika vizuri. Tulipoambiwa tuje Kahe alinikuta nimezungukwa na mizigo, akasimama mlangoni na mtoto wake mgongoni.

"Mwenzangu, unahama au unafungua duka?"

Akanitolea kila kitu nje, chini ya kivuli cha ukuta, akaniambia niishi ndani ya nyumba tupu, nikihitaji kitu nitoke nikakichukue. Nilimwona ana wazimu. Lakini nikafanya, kwa uchovu tu. Sufuria ikaingia, ndoo ikaingia, mkeka, taa, kikombe cha Bakari. Siku zikapita, siniya imelala huko huko nje, na kuku wameshakifanya kinu mahali pa kulala. Kile kinu nikampa mama Elia. Akashangilia, nami nikaingia ndani nikalia kama nimetoa mtu. Kasha sikuweza kulitoa. Bakari na wenzake walilibeba wao, mimi wamenikataza hata kuligusa.

Usidhani nimeshakuwa hodari. Juzi nimefunga kikapu changu cha safari, nikakizungusha nyumba nzima kukipima uzito, kiuno kikalalamika. Kukifungua nakuta birika. Nani ameliweka? Ni mimi mwenyewe, mikono yangu imezoea. Nikalitoa nikiwa na hasira, nikatoa na viatu vya sikukuu, nikatoa kioo. Zimebaki kanga, gauni moja, na vitambaa vya mtoto nilivyokata kwenye kanga zangu za zamani, zile laini. Sasa nakibeba bila kushika kiuno.

Kuhusu huyo mwanamke mwingine, nilimsomea Bakari maneno yako. Akafikiri, akasema, "Kasha nitaliweka nyuma ya mlango. Anayetaka kuingia aanze kwa kulisukuma." Hapo ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza kwa ajili ya kasha lile. Ufunguo wake nakuja nao, nimeufunga kwenye pindo la kanga. Bi Mwanate akiuliza, mwonyeshe. Mwambie mwanamke aliyeachwa huondoka na kasha lake. Huyu kaliacha kwake, na ufunguo anao.

Na nikianza kurudi na mtoto, nakuomba mapema, wazuie watu wako. Najua shangazi wa Usagara ataleta nazi za kunifaa njiani, na mwingine papa mkavu, na mwingine achari kwenye chupa isiyofungika, na kila mmoja ataona nimemdharau nisipobeba. Waambie wavilete mapema nivile hapo hapo, na dua zao nitaondoka nazo.

Nisalimie kaka Salimu na mkewe, bado sijaonja mapishi yake. Nisalimie shangazi. Mama mkwe wa Pongwe mtumie mtu kabla sijafika, ajue kwa kinywa chetu kwamba nakuja kuzaa na sikuachwa, asije tena mbio na moyo wake ule. Zuhura nambusu, na asome kwa bidii. Bi Mwanate naye nisalimie, maana kilio chake kilikuwa cha kweli.

Mama, hasira imekwisha nikiandika. Naogopa tu. Nataka huyu afike.

Nitashuka Tanga mwezi ukiandama, inshallah, Bakari atanipandisha mwenyewe huku. Usimwite mtu wa mkokoteni. Njoo wewe, usimame karibu na mlango wa behewa. Mkono mmoja nitakuwa nimeshika kikapu. Ule mwingine nataka unishike wewe, nishuke polepole.

Mwanao,
Mwanahamisi