Sikuzani Mbele ya Mashine

Jumanne, 9 Julai 1974

Siku mbaya. Lori lililokuwa likihamisha watu kwenda kijiji kipya limepinduka barabara ya Kaliua. Watu, vitanda, kuku, magunia ya mahindi — vyote mtaroni. Benchi la eksirei lilijaa mpaka nje, na mpiga picha ni mimi peke yangu.

Mtoto mmoja wa kike, mguu umevunjika, hatulii! Mama yake yuko wodini, hajitambui. Nikaomba mtu wa kumshika. Wakaniletea Sikuzani, mhudumu wa wodi ya watoto, mke wa Twalibu fundi cherehani wa mtaa wa Kanyenye. Akamwinamia, akamnong'oneza sijui nini, mtoto akatulia.

Akaiona aproni ya risasi, ile nzito ya kuzuia mionzi, imening'inia ukutani. Akauliza, je, na yeye aivae? Nikamwambia ah, dada, ni mara moja tu, itakuchosha bure. Mimi nikaingia nyuma ya ukuta wangu wa kinga, nikabonyeza. Picha ikatoka na ukungu. Tukarudia. Akashika tena.

Alhamisi, 25 Julai 1974

Sikuzani tena. Siku hizi simwiti mwingine. Watoto wanamtii.

Aproni niliisahau — hapana, humu niandike kweli. Niliikumbuka. Kamba zake zimekatika na sijazishona. Halafu foleni, halafu daktari anapiga kelele mlangoni. Kule Dar kozini tulifundishwa: anayemshika mgonjwa avae kinga, na asiwe mtu yule yule kila siku. Dar kuna watu. Hapa kuna Sikuzani.

Ijumaa, 6 Septemba 1974

Vigelegele wodi ya watoto! Nikatoka mbio nikidhani kuna mgeni mkubwa. Kumbe ni Sikuzani. Ana mimba! Miaka yote ile ya maneno ya mawifi, ya mizizi ya kuchemsha, ya kwenda kwa huyu na yule. Twalibu kaja na kofia mpya, anacheka peke yake koridoni. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nikauliza, kama mtu anayeuliza tu, ina muda gani? Mkunga akasema inamaliza mwezi wa pili.

Nikarudi chumba cha giza ninamosafishia filamu, nikakaa juu ya ndoo. Mwezi wa pili. Kwa hiyo Agosti yote, kila nilipomwita, hakuwa peke yake. Nami sikumwuliza hata siku moja.

Jumatatu, 9 Septemba 1974

Nimemwendea Dakta Raymundi. Nilisema yote, hata la kamba. Alinisikiliza huku akifuta miwani. Akasema, "Ndugu Nikolaus, mionzi iliyompata ni ile inayotawanyika kutoka kwa mgonjwa. Ni kidogo. Yaelekea mtoto atazaliwa mzima kabisa."

Nikauliza, kidogo kiasi gani?

Akaendelea kufuta miwani. Nani aliyepima? Mimi nina beji ya kupimia mionzi kifuani. Sikuzani hana.

Dakta akaniagiza: asikanyage tena chumba changu. Na nisimwambie kitu. Hofu peke yake itamtesa miezi yote iliyobaki, na haitabadilisha lolote. Nilivyotoka nilipumua kama niliyetua mzigo. Halafu nikaona haya. Nimefurahia nini? Kwamba atakuwa mzima, au kwamba nimekatazwa kusema?

Jioni nimeshona zile kamba. Sindano mbili na uzi wa viatu, kazi ya muda mfupi tu. Sasa ndiyo nashona!

Jumapili, 15 Septemba 1974

Nimetoka misa, sijavua hata koti, nasikia hodi. Sikuzani! Kavaa kanga mpya, kaleta chupa ya asali. Kaja kabla mwezi haujaandama, anasema, mfungo ukianza hatapata nafasi ya kutembea.

"Kaka Nikolaus, nimekuja kushukuru."

"Kwa lipi, dada?"

"Usijifanye hujui. Waganga wote walinishindwa. Nimeingia chumbani kwako, huo mwanga wako umenifungua tumbo."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikasema ni Mungu tu, dada. Akasema ndiyo, Mungu, na mashine yako. Nikamwambia mashine haina kazi hiyo, lakini nilisema kama mtu anayekataa sifa kwa adabu, na yeye akaona ni adabu. Kumbe keshawasimulia wanawake wenzake mtaani.

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa na maneno. Nikamwuliza habari za Twalibu.

Asali iko mezani. Sijaionja.

Jumatano, 18 Septemba 1974

Naandika nikiwa chumba cha giza, kwa taa nyekundu. Nimejifungia.

Sikuzani kaja leo mwenyewe, sikumwita, na wifi yake, Kuluthumu, dada yake Twalibu. Huyo wifi kapanda treni kutoka Kaliua kwa ajili yangu! Hajapata mtoto, na mume keshatamka kwamba ataoa mwingine.

"Mpige picha ya tumbo, kaka. Kama ulivyonisaidia mimi."

Nikasema haiwezekani. Kuluthumu akapiga magoti pale pale sakafuni, akashika pindo la koti langu. Mwanamke mzima! Nikamwinua. Ningeweza kusema filamu zimekwisha, au umeme hauna nguvu. Lakini wangerudi kesho, na wengine nyuma yao.

Nikasema, "Dada Kuluthumu, hii si dawa. Haifungui tumbo la mtu. Mionzi hii yaweza kumdhuru mtu, ndiyo maana mimi hujificha nyuma ya ukuta."

Kuluthumu akaanza kulia. Sikuzani hakulia. Alikuwa anautazama ule ukuta. Akanigeukia polepole.

"Yaweza kumdhuru mtu."

"Ndiyo."

"Hata mwenye mimba?"

"Huyo zaidi."

Akaweka mkono tumboni. "Na mimi, kaka?"

Nikasema ngoja kidogo, nina filamu kwenye dawa. Hakuna filamu. Beseni ni tupu. Nimesimama hapa na daftari kama mwizi aliyejificha kwenye nyumba yake mwenyewe.

Nikisema ni kidogo, ni kweli. Nikisema sijui, ni kweli zaidi. Dakta kakataza. Lakini Dakta hakuulizwa na yule.

Namsikia anamwambia Kuluthumu atangulie nyumbani. Ndara zinaondoka koridoni — za mtu mmoja. Mwingine kabaki.

Anagonga. Si kwa nguvu. Anasema leo hana zamu, atakaa hapo hapo mpaka nitoke.

Nimeondoa komeo. Bado sijausukuma mlango. Anaita jina langu, bila "kaka". Naweka kalamu chini, natoka.