Mshumaa wa Baba na Kopo la Filamu

Rivka binamu yangu, nusura niiteketeze nyumba!

Ile filamu bubu ambamo bibi yetu Bridie alichekesha watu, ya Mwairishi aliyeolewa kwa Wayahudi, iliyopotea karibu miaka mia? Ilikuwa kabatini kwa marehemu Baba. Kabatini!

Nikaweka kopo mezani kando ya mshumaa wake wa matanga, nikalifungua. Unga mtupu wa kahawia. Kimesalia kipande kimoja tu, Bibi anacheka, mdomo wazi.

Nikampigia mtaalamu wa filamu za kale. Nilipotaja mshumaa, akapiga kelele: "Mshumaa? Mama wee, filamu hiyo inalipuka kama baruti! Zima!"

Zima, ati! Mshumaa wa matanga ya Kiyahudi, wa kuwaka siku saba bila kuzimwa, niuzime siku ya tatu? Nikaukumbatia, nikakimbia nao bafuni.

Na siku zote tatu hapa Bronx hajakanyaga mtu. Ndugu zetu Waairishi wanadhani nimezungukwa na wale Wayahudi, na Wayahudi wanadhani niko na Waairishi. Wewe uko Chicago, nakusamehe.

Mtaalamu bado anafoka kwenye simu: "Uko na nani humo ndani? Mtoe nje haraka!"

Rivka, nikautazama ule moto mdogo. Nikamwambia, "Niko na Baba tu."