Kitambaa Kwenye Mdomo wa Tangi

Tata wangu,

Nimekukasirikia, na sitazunguka. Mwaka mzima umelala huko makaburini na siri yako, na mimi nimezunguka Kolwezi nzima nimekumbatia tangi la pikipiki yako, namuuliza kila fundi kama ana ile rangi nyekundu. Wote waliligeuza juani, wakatikisa kichwa. Mmoja wa njia ya Mashamba alinicheka usoni: "Mama, hii rangi haiko. Balipaka na nini?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba ni rangi ya Wajerumani, baba yangu aliipata kwenye garaji. Si ndivyo ulivyonifundisha?

Zikumbuke Jumapili zetu. Tukitoka misa ulikuwa huli kwanza. Ulivua mkanda ili chuma chake kisiguse tangi, ukatandika gunia chini ya dirisha la jikoni, ukaanza kutafuta "bidonda". Juma zima makamyo ya madini yalikuwa yamekurushia changarawe kwenye barabara ya Mutshatsha, na kila jiwe lilikuwa limebandua rangi mahali padogo, kama punje ya ulezi. "Leta chupa," ulisema. Nami nilikuletea ile chupa ya dawa ya macho uliyoibandua karatasi, pamoja na kijiti cha kiberiti ulichokichonga kwa wembe. Ulisugua kidogo na msasa, ukafuta, ukapuliza. Kisha ulibana pumzi, na mimi mshika chupa nikabana yangu.

"Usipake," ulikuwa unaniambia. "Gusa. Ukipaka, unaharibisha."

Tone moja, tunasubiri. Tone lingine, tunasubiri. Mama alituita mara tatu chakula kinapoa, na wewe ulijibu kila mara "Sasa hivi!" bila kugeuza kichwa. Nilikuwa na miaka minane, na niliamini hakuna mtu mwingine duniani anayeijua kazi hiyo.

Na kile kitambaa! Kila ulipojaza esanse, petroli yetu ya chupa, ulitoa mfukoni kitambaa cheupe, ukakizungusha kwenye mdomo wa tangi kama unamfunga mtoto leso shingoni, halafu ukamnyang'anya muuzaji chupa na kumimina mwenyewe. Walikuuliza unaogopa nini. "Heshima," ulijibu. "Pikipiki nayo iko na heshima yake." Watu walikusifu kwa usafi, na mimi nyuma yako nilivimba kichwa.

Sasa sikia ulichonifanyia.

Siku ya kukuzika, mdogo wako alisimama mbele ya watu wote akasema pikipiki ni ya ukoo. Tata Mdogo unamjua, akisema neno mbele ya watu halirudi. Alisema binti aendelee kuitumia kwa kwenda kufundisha, lakini siku ya kutoa matanga atakuja kutoka Mutshatsha kuikagua. "Nikikuta ameiharibisha, ninaibeba." Nawe unajua shule yangu ilivyo mbali. Bila pikipiki, kazi yangu ingekuwa imekwisha. Kwa miguu ningefika wakati watoto wanarudi kwao.

Mwaka ukakaribia kuisha. Nikahesabu vidonda: kumi na kimoja, vingine vimeanza kushika kutu. Nikafungua chupa yako ya dawa ya macho, rangi imekauka kama jiwe. Ndiyo maana nilizunguka na tangi mikononi. Na juma la mwisho, nimechoka, nimekata tamaa, napita sokoni kununua sabuni, nikaiona. Nyekundu yako. Yenyewe kabisa. Ndani ya kichupa cha verni ya kucha.

Tata, niliona haya! Nilikaa pale chini ya dirisha na kijiti cha kiberiti, nagusa, nasubiri, nagusa, huku nafikiri: hapa ndipo nimefikia, kazi ya baba yangu naimalizia na mapambo ya wanawake. Nilikuomba msamaha. Kwa sauti, unasikia? Nilikuomba msamaha!

Jumapili Tata Mdogo akafika, amevaa suti yake ya rangi ya maziwa. Akapitisha kidole juu ya tangi, taratibu, huku na huku. Hakuona kitu. "Si mubaya," akasema, na kwa yeye hiyo ni sifa kubwa. Akataka kuizungusha kidogo, na tangi lilikuwa tupu, tukaisukuma mpaka kwa muuzaji wa esanse hapo kona. Kijana akachomeka shingo ya chupa iliyokatwa kuwa faneli, akamimina, ikamwagika pande zote. Nilimwachia. Kitambaa mimi nilikiona ni maringo yako tu, ningejuaje?

Tata Mdogo akapanda, akabana tangi na magoti, akaenda. Aliporudi alikuwa anapiga kelele tangu mbali: "Shemeji! Kuya, shemeji! Niko natoka damu!"

Magoti yote mawili yalikuwa mekundu. Mama akatoka mbio na maji, akafuta, akatafuta kidonda, hakuna. Hapo ndipo tukaangalia tangi. Esanse iliyomwagika ilikuwa imelainisha verni, na vidonda vyangu kumi na kimoja vilikuwa vimefunguka. Lakini havikuwa peke yavyo. Vilikuwa vingi, Tata, mbele, pembeni, kuzunguka mdomo, alama za zamani ambazo nilikuwa nimeshazisahau, zote zinaachia vipande vyekundu. Jumapili zetu zote zilikuwa zinabanduka mbele ya wageni wa matanga.

Mama akaweka mkono mdomoni. Mwaka mzima mimi na yeye tulikuwa hatutaji jina lako, kila mmoja anamhurumia mwenzake, kwa hiyo nilijua sasa atalia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Verni yangu! Myaka yote alikuwa ananiambia ni joto njo inaikausha! Mwanaume ule!"

Na Tata Mdogo, badala ya kugomba, akakaa chini kwenye ngazi na suti yake iliyoharibika, akaangalia magoti. "Hata siku ya ndoa yangu," akasema polepole, "nilimuomba hii pikipiki, nikarudi na patalo nyekundu kwenye magoti vile vile. Akalapa asema ni bulongo nyekundu ya njia." Akanirushia ufunguo. "Bakia nayo, mutoto. Ni weye tu njo unajua kuiharibisha sawa yeye."

Basi pikipiki ni yangu. Na bado nimekukasirikia! Wajerumani wa wapi, Tata? Wa kwenye meza ya mapambo ya Mama? Uliogopa nini, fundi mzima wa garaji, kwamba nitakucheka? Ningecheka, ndiyo. Halafu ningekutunzia siri mpaka kaburini, kwa sababu nilikuwa nakushikia chupa, na mtu wa kukushikia chupa ulipaswa kumwambia kilichomo. Hiyo ndiyo inayoniuma, si mafundi walionicheka. Niliona Jumapili zile ni zetu wawili, kumbe ulinificha nusu yake.

Mama ameniwekea kichupa kipya kwenye dirisha la jikoni. "Hii ya tangi," amesema. "Yangu usiiguse." Sasa anakutaja kila siku, kila kitu kinachopotea nyumbani anasema ni wewe.

Leo asubuhi nikienda shule nilisimama kwa yule yule kijana wa kona. Nikatoa kitambaa chako, nikakizungusha kwenye mdomo wa tangi, nikamnyang'anya chupa. Akanitazama.

"Madamu, unaogopa nini?"

Nikamkazia macho, sikucheka hata kidogo.

"Heshima," nikamwambia. "Pikipiki nayo iko na heshima yake."

Ni mimi binti yako,
mshika chupa