Sahani ya Bi Mwanahawa

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imenifika. Babu yako kikohozi kimempungua, na kuku wako siku hizi anataga kwa jirani.

Waniuliza tulifanya nini hapa Bagamoyo siku askari wa Dar walipoasi, ikasemwa wanaipindua serikali tuliyoipigia kura. Tulifunga milango. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na kila aliyeshuka kwenye basi alikuja na habari yake.

Jirani yetu Bi Mwanahawa alikuwa na mwanawe kambini huko Dar, askari. Jioni ile mtaa mzima haukumpelekea futari. Mimi nilifika na sahani ya mihogo mpaka barazani kwake, nikamsikia ndani akiomba dua, nikarudi nayo. Kuila sikuweza.

Kesho yake, magharibi inakaribia, akapiga hodi. Ameshika sahani yangu nyingine, niliyompelekea futari juzi yake, ina tende, maana sahani ya mtu hairudishwi tupu.

“Jana sikukuona, mwanangu. Nikasema labda unaumwa.”

Serikali haikuanguka, hayo mmeyasoma shuleni. Mimi hata leo najiuliza kama alizisikia nyayo zangu zikigeuka.

Bibi yako