Kibaraza cha Kokuhirwa

Bakoba, Bukoba
14 Machi 1961

Kaka Ildefons, huko Nairobi,

Hatujambo, na migomba imezaa vizuri. Ramani yako ya ukumbi wa mtaa imefika. Fundi Mwijage wa Muleba alipenda kile kibaraza cha wanawake wanaotoka sokoni. Akasoma ulichoandika pembeni: “Hapa atakaa mdogo wangu Kokuhirwa, asuke vikapu.” Akacheka, “Ukumbi haujajengwa, naye kashapata kiti!” Baba akatoka nje.

Jana fundi na watu wake walipima kibanja chetu tulichotoa kwa ukumbi. Kigingi cha kibaraza walikichomeka chini ya mgomba wa uani. Niliona haya kusema mbele ya wanaume. Walipokwenda kula, nikakihamisha hatua sita.

Kaka, Kokuhirwa alifariki Agosti iliyopita kwa homa. Tulimzika chini ya mgomba ule. Baba alikataza kukuandikia habari hiyo mpaka umalize mitihani. Salamu zake zote tangu hapo nilizitunga mimi. Sasa nikifagia pale mchana, nasikia majani makavu yakisukwa.

Usimlaumu fundi kwa kigingi. Chora upya, kaka, lakini Kokuhirwa usimwondoe kibarazani.

Mdogo wako aliyebaki,
Celina